Kabla Hajavuka Horohoro, Akae Mahali Pamoja

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza: mgeni anayezunguka na begi mgongoni, aliyebakiwa na siku chache nchini kabla ya kuvuka kwenda nchi nyingine, azimalizie wapi na kwa namna gani? Najua wengi watamtajia Zanzibar, na wengine watataka awahi mbuga moja zaidi. Mimi nasema aje Tanga, achukue chumba kimoja, atue begi, na asilibebe tena mpaka asubuhi ya safari.

Nazungumza kama mwenye nyumba ndogo ya kulala wageni hapa Ngamiani, kwenye zile barabara zetu zinazoitwa kwa namba. Wageni wa aina hiyo tunawapata kwa sababu njia ya Mombasa inapita kwetu. Kutoka Tanga mjini hadi Horohoro, kwenye mpaka wa Kenya, ni kilomita 60 na kidogo. Kitabu cha wageni kina safu ya atokako na safu ya aendako. Kwenye ya kwanza wanaandika Lushoto, Dar es Salaam au Moshi, na kwenye ya pili karibu wote wanaandika Mombasa. Wanafika jioni, wanaoga, wanalala, na alfajiri wananiachia ufunguo mezani. Waja leo waondoka leo, kama tunavyosema wenyewe Tanga.

Kinachoniuma ni hiki. Mtu amekaa Tanzania wiki nyingi. Amepanda mabasi ya Mbeya na Iringa, amelala Dodoma, ameona tembo na mlima. Halafu anatoka nchini bila kuwa na mtu hata mmoja wa kumuaga. Kila mahali alipofika alikuwa mgeni wa siku moja, wa kukaribishwa na kusahauliwa. Picha anazo mamia kwenye simu, lakini hakuna nyumba itakayouliza wiki ijayo, "Yule binti alifika salama?" Siku za mwisho ndizo za kulirekebisha hilo. Na halirekebishiki kwa kukimbilia kivutio kingine. Inabidi akae.

Tanga inafaa kwa kazi hiyo kwa sababu mji si mkubwa wa kummeza mtu, wala si mdogo wa kumchosha. Watu wanakwenda kwa baiskeli. Asubuhi ya kwanza atakunywa uji wa pilipili manga kwa mama mmoja wa barazani, na asubuhi ya pili mama yule atamwita kabla hajakaa. Asubuhi ya tatu ataulizwa mbona kachelewa. Hapo ameshakuwa mtu wa mtaa. Ila ni lazima arudi kwa mama yuleyule. Wasafiri wana tabia ya kujaribu kila siku mahali papya, nami huwaambia wazi: kama uji ulikuwa mzuri, rudi palepale.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe sina, nina mbuzi ya kukunia nazi. Alikaa kwangu binti Mholanzi aliyekuwa ametokea Malawi, na jioni moja akanikuta uani naandaa samaki wa kupaka. Akaomba kusaidia. Nikampa kigoda kile chenye meno, nikamwonyesha akae kwa ubavu, ashike kifuu kwa mikono miwili na kuzungusha taratibu, maana ukikandamiza sana unafika kwenye gome la kahawia na tui linachafuka. Mwanzo nazi ilikuwa inaruka huku na huku kwenye sinia. Baadaye mkono ukakubali. Tukakamua kasimile, yaani lile tui zito la kwanza, tukaiweka kando, tukaongeza maji kwenye chicha tukapata tui jepesi la kuanzia kupikia mchuzi. Alikuwa ananiita "madam" tangu alipofika. Usiku ule, wakati wa kula, dada yangu akamwambia, "Mwite mama, wewe sasa umekuna nazi ya nyumba hii." Asubuhi yake akaja jikoni na kusema, "Shikamoo mama," nami nikaitikia, "Marahaba mwanangu, umeamkaje?" Nawaambieni kweli, nilifurahi kama nimetembelewa na mtoto wa ndugu.

Basi kwa ushauri wangu, mgeni asiwe mvivu wa kuomba kazi ndogo. Akachambue mchele, akabebe ndoo, aende sokoni na mwenye nyumba. Akila bada, ugali wetu wa muhogo, kwa mchuzi wa samaki amekaa mkekani na watu, ameonja pwani kuliko hoteli yoyote itakavyompa.

Sisemi asitembee. Atembee, lakini jambo moja kwa siku, na mchana arudi apumzike kama tunavyopumzika sisi jua likikaza. Mapango ya Amboni yako karibu, kama kilomita 8 kaskazini ya mji, na kwa baiskeli anafika. Makumbusho ya Urithi yapo mjini kwenye boma la Kijerumani, na yanatosha kumweleza habari za mkonge na za vita vya Novemba 1914, Waingereza walipoleta jeshi kutoka India likashindwa hapa hapa Tanga, na nyuki nao wakaingia vitani kwa kuwauma askari.

Lakini kama ni mahali pamoja tu, mimi nampeleka Tongoni. Ni kusini ya mji, barabara ya Pangani, safari fupi ya gari, halafu unatembea kidogo kuelekea baharini. Kuna gofu la msikiti wa kale, kibla chake bado kinaonekana, na limezungukwa na makaburi ya nguzo yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Baadhi ya nguzo zimeanguka. Ukizikaribia zilizosimama utaona vishimo vya duara. Humo zilipachikwa bakuli za kauri zilizokuja kwa meli kutoka mbali, Uchina na kwingineko, karne nyingi zilizopita. Ukipitisha kidole ndani ya kishimo unasikia chokaa ya fundi wa zamani ilivyolainishwa. Mbele yako ni mikoko na maji. Kwenye maji haya ya Mtangata ndipo Vasco da Gama alipokwamisha meli mwaka 1498 akielekea India, na aliporudi Januari 1499, mabaharia wake wengi wakiwa wamekufa, akaichoma moto meli hiyo, São Rafael, kwa kukosa watu wa kuiendesha. Mgeni anayekaribia kuondoka nchini anahitaji mahali pa namna hii, pa kukaa chini ya mti bila mtu kumharakisha. Kuna mlinzi anayejua habari zake vizuri. Mgeni alipe kiingilio, achukue risiti, na amsikilize.

Sasa yale ya lazima, maana mapenzi ya mji hayagongi muhuri kwenye pasipoti. Kenya haitoi viza mpakani. Tangu Januari 2024 wageni wengi wa kutoka Ulaya, Marekani na Asia wanatakiwa kuomba kibali cha kielektroniki kwenye intaneti kabla ya kusafiri, na majibu yanaweza kuchukua siku tatu za kazi. Hii peke yake ni sababu ya kutosha ya kukaa mahali pamoja penye mtandao mzuri. Aombe siku anayofika Tanga, si usiku wa mwisho. Atazame pia siku zilizobaki kwenye viza yake ya Tanzania, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano aiweke karibu na pasipoti. Mifuko ya plastiki aiache: Kenya iliipiga marufuku Agosti 2017 na sisi Juni 2019. Pesa iliyobaki kwenye simu aitoe kwa wakala mapema, na shilingi azibadilishe benki au kwenye duka la fedha lenye leseni.

Kwenye pesa nisimame kidogo. Mgeni wangu mmoja, kijana mpole sana, alibadilishiwa shilingi zake na mtu wa njiani asubuhi ya kuondoka, akapewa pungufu ya nusu ya alichostahili. Alikuwa na haraka, gari linanguruma, akakubali. Alinipigia simu akiwa Mombasa, wala hakulalamika, aliuliza tu kama hiyo ndiyo bei ya kawaida. Niliona haya kwa ajili ya mji wangu. Kumpunja mtu anayeondoka ni kubaya zaidi, kwa kuwa unajua hatarudi kukudai.

Nguo na viatu asivyovihitaji tena, naomba asiviache kitandani kama takataka. Avifue, avianike, akunje, ampe mtu mkononi na kusema, "Hii nakuachia." Kinachotolewa hivyo kinapokelewa kwa heshima.

Na sisi wenyeji tuna wajibu wetu hapa. Kwetu mgeni hafungiwi mlango akishalipa, anasindikizwa. Mwenye nyumba ya wageni akishindwa kwenda mwenyewe, amtume kijana wa nyumbani ambebee begi, amwonyeshe gari lenyewe, ahakikishe nauli anayotajiwa ndiyo wanayolipa wengine. Mimi humwambia kondakta mbele ya abiria kuwa huyu ni mwanangu, amshushe panapogongwa mihuri. Halafu namweleza mgeni njia iliyobaki: akimaliza Horohoro achukue matatu, yaani daladala ya Kenya, pale Lunga Lunga ng'ambo ya mpaka, ipite pwani ya kusini, na Likoni avuke na feri, ambayo kwa waendao kwa miguu haina nauli. Asafiri asubuhi ili giza limkute Mombasa. Na akifika, hata kama ni usiku, anitumie ujumbe.

Msomaji wenu, Ngamiani, Tanga