Kufyeka Shamba la Mteremko Bila Kuumiza Mgongo Wala Mfuko

Shamba nililorithi kwa marehemu baba liko wilayani Muheza, upande wa barabara inayopanda kwenda Amani, na lina ukubwa wa ekari tatu zilizolala juu ya mteremko wenye mawe, visiki vya mikarafuu iliyokufa na korongo moja linalopitisha maji wakati wa masika. Kwa miaka sita halikuwa na mtu. Milima ya Usambara Mashariki hupata mvua nyingi, karibu milimita 1,900 kwa mwaka pale Amani, kwa hiyo nilipostaafu na kurudi nyumbani nilikuta michungwa imemezwa na mabingobingo yaliyonipita kimo, lantana imeziba njia ya kisimani, na kwenye vivuli kumejaa kile kichaka chenye majani ya manyoya na vitunda vya zambarau ambacho wataalamu hukiita Clidemia hirta, mgeni aliyetoroka katika bustani ya mimea ambayo Wajerumani waliianzisha Amani mwaka 1902. Huu ni mwaka wa nne ninalifyeka shamba hilo. Ninaandika kwa ajili ya mwenzangu mwenye ardhi ya namna hiyo, asiye na fedha za kuchezea, na ambaye kiuno chake hakimruhusu tena kujifanya kijana.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kutaka kulimaliza lote kwa mkupuo mmoja. Mwezi Machi, wiki mbili kabla ya masika, niliita vibarua wanane nikawagawia ngwe, nao, kwa kuwa walilipwa kwa ngwe na si kwa siku, wakaona jembe linawahi kuliko fyekeo, wakakwangua hadi udongo mwekundu ukabaki uchi. Shamba lilipendeza kwa siku kumi. Mvua za Aprili zilipokolea, udongo ule uliteremka hadi kwenye mihogo ya jirani yangu wa chini, mzee wa rika la baba yangu, ambaye alikuja asubuhi moja, akapiga hodi, akaitikia shikamoo yangu, akauliza hali ya kila mtu nyumbani, kisha akasema kwa upole, "Mwanangu, udongo wako umehamia kwangu. Nikurudishie kwa ndoo, au nikae nao?" Sikuwa na jibu zaidi ya kumwomba radhi. Kufika Juni majani yalikuwa yameota upya, mazito kuliko ya awali, na fungu la kiinua mgongo nililolitenga kwa ajili ya shamba lilikuwa limekwisha.

Hesabu niliyoifanya baada ya hapo ndiyo ninayoifuata hadi leo. Kinachokula fedha katika ardhi iliyoshamiri si mfyeko wa kwanza, ingawa ndio unaochosha, bali ni kuchelewa kwa mfyeko wa pili. Mabingobingo yakikatwa huchipua kwa akiba iliyomo kwenye shina na mizizi. Ukirudi baada ya wiki tano, yakiwa laini na yamefika magotini, utayakata kwa robo ya jasho la kwanza na utayakuta yameshatumia akiba yake bila kuirejesha. Ukirudi baada ya miezi mitano, umeanza upya. Kwa hiyo mwenye fedha kidogo asijiulize shamba lake lote litafyekwa kwa kiasi gani, ila ajiulize ni sehemu ipi anayoweza kuirudia kila baada ya wiki tano, kisha afyeke hiyo tu.

Kwangu sehemu hiyo haifiki nusu ekari: njia, kisima, pembeni mwa nyumba, na duara chini ya kila mchungwa. (Wasiozoea vipimo vyetu wajue kwamba ekari moja vijijini huhesabiwa kwa hatua 70 kwa 70.) Sehemu nyingine hufyekwa mara mbili kwa mwaka, mara moja baada ya masika na mara nyingine vuli zinapoisha, na ile iliyosimama mno, pembezoni mwa korongo, nimeiacha iwe pori na kupanda miti humo. Mtu akiniambia shamba langu ni chafu upande ule, huwa nakubaliana naye.

Kabla ya kununua kifaa chochote, pima mteremko wako, maana macho hudanganya. Chukua fito lililonyooka la urefu wa mita moja na chupa iliyojaa maji nusu. Ncha moja ya fito iguse ardhi upande wa juu, laza chupa juu ya fito, kisha inua au shusha ile ncha nyingine hadi maji yakae sawasawa ndani ya chupa. Halafu pima kutoka ncha hiyo hadi chini. Ikizidi sentimita 27, mteremko umepita nyuzi 15, na hapo ndipo watengenezaji wengi wa mashine za magurudumu za kukatia nyasi huweka kikomo. Mimi nilipima baada ya kununua. Nilipata mashine ya mtumba ya kusukuma kwa bei iliyonifurahisha, nikaipandisha mlimani kwa bodaboda mbili, na siku ya tatu ikanoki. Fundi aliyeifungua alinionyesha kijiko kidogo kilichofungwa kwenye konrodi (mkono unaounganisha pistoni na kranki), ambacho kazi yake ni kuchota oili na kuirusha juu; mashine ikiinama sana, oili hukimbilia upande mmoja, kijiko huchota hewa, na injini hujikaanga yenyewe. Hata isingenoki, mashine nzito ya magurudumu kwenye majani ya mteremko huteleza, na inapoteleza hukimbilia miguu ya anayeishika.

Basi nilirudi kwenye vifaa vya mkono, na hapa nina maneno mengi, kwa sababu ndipo nilipogundua kwamba kazi hii inaweza kufanyika bila mateso. Kwa mfyeko wa kwanza, wakati majani yamekupita kimo na hujui kilichomo ndani, hakuna kinachoshinda panga na upembo, yaani ile fimbo yenye ndoano tunayoangulia matunda. Upembo hushikwa kwa mkono wa kushoto, hukusanya fungu la majani na kulivuta pembeni, na panga hukata chini ya fungu likiwa limekaza. Majani yaliyokaza hukatika kwa pigo moja. Yaliyolegea hukwepa, ukapiga mara tatu. Faida ya pili ni kwamba upembo ndio unaoingia kichakani kwanza, si mkono wako. Kifutu hatoroki akisikia hatua zako kama nyoka wengine, bali hulala palepale akiutegemea ufanano wake na majani makavu, na mara mbili upembo wangu umemfunua nikiwa na nafasi ya kurudi nyuma taratibu.

Kwa majani mafupi, kwanja linatosha, lakini lile linalouzwa dukani lina mpini mfupi mno kwa mtu mzima. Nilimpelekea seremala langu, akalitia mpini ulioongezeka kama sentimita 25, na maumivu ya kiuno yaliyokuwa yakinilaza siku mbili yakapungua sana. Jingine lililonisaidia ni kuukabili mlima. Ukisimama uso ukielekea juu, ardhi iliyo mbele yako iko karibu na mikono yako, na huna haja ya kuinama sana. Ukielekea chini, unainama kama anayeokota sarafu, na kila pigo linakuvuta uanguke. Anzia chini, kata ukanda mmoja kuufuata mlima kwa upana wake, kisha panda hatua moja na kurudi. Majani yataangukia ulikotoka, na daima utakuwa umesimama mahali palipokwisha kufyekwa ambapo unaona unapokanyaga.

Tupa iwe mfukoni. Mtu anayefyeka kwa kwanja butu kwa sababu ya kubana matumizi ya tupa anajilipisha kwa mabega yake. Mimi hunoa kila baada ya dakika ishirini hivi, pande zote mbili, na huo ndio muda wangu wa kunywa maji. Asubuhi majani yenye umande hukatika vizuri kwa mkono, lakini umande huohuo hufanya mteremko uwe kama sabuni, kwa hiyo hutangulia sehemu za tambarare na kusubiri hadi saa mbili ndipo nipande penye mwinamo mkali. Saa nne nimeondoka. Kuhusu viatu, buti za mpira zina soli inayoteleza. Vilivyonifaa ni viatu vya mpira wa miguu vyenye njumu, vya mtumba, pamoja na vile vikinga ugoko vya wachezaji chini ya suruali ya jinzi. Vijana wa kijijini walicheka, wakaniuliza nachezea timu gani. Sasa wawili kati yao huvaa hivyohivyo.

Mashine ya kufyekea, ile ya kuning'iniza begani, nayo ina nafasi yake, lakini si katika mfyeko wa kwanza kama wengi wanavyodhani. Kichaka ambacho hujakifungua kwa panga kina mawe, visiki na seng'enge za zamani, na kisu kinachozunguka kwa kasi kikigonga kitu cha namna hiyo hugeuka hatari kwako na kwa aliye karibu. Hatari kubwa zaidi imejificha kwenye upupu. Panga humruhusu mtu kuuona mapema na kuukwepa hadi mvua iulowanishe; mashine huusaga na kuurusha hewani, na mtu akishawahi kuvuta hewa ile atakuwa mpole kwa upupu maisha yake yote. Niliwahi kukaa kisimani saa nzima nikijimwagia maji na kujipaka majivu, mke wangu akinisimamia na kuniuliza kama bado nahitaji shamba.

Kuanzia mfyeko wa pili, mashine hufanya kwa asubuhi moja kazi ya siku nne za kwanja. Uzi wa nailoni unatosha kwa nyasi laini kuzunguka nyumba na mawe, lakini usiusogeze karibu na shina la mchungwa, kwani huchuna gome na mti hufa polepole. Duara la chini ya mti nalikata kwa mundu. Mabingobingo na mashina ya lantana yanahitaji kisu cha chuma. Kwa kawaida kisu hicho huzunguka kinyume cha mwendo wa saa, hivyo pangusa kutoka kulia kwenda kushoto na tembea ukiwa na bonde upande wa kushoto, ili majani yaangukie chini yalikofyekwa. Kichukulie kisu kama uso wa saa ya ukutani ulioinamia mbele yako: eneo kati ya kumi na mbili na tatu lisigusane na shina gumu, kwa sababu hapo mashine hurushwa kuelekea kulia kwa nguvu usiyoitarajia; tumia upande wa kushoto. Mtu mwingine yeyote awe umbali wa mita 15 au zaidi, na asiwepo kabisa upande wa chini yako, ambako mawe hubingirika. Mikanda ifungwe mabega yote mawili na kurekebishwa hadi mashine ielee yenyewe bila mikono kuinyanyua. Miwani ya kinga si pambo.

Injini nyingi za aina hii hunywa petroli iliyochanganywa na oili, na hapo ndipo zinapouawa. Ikiwa kitabu cha mashine kinasema 50 kwa 1, ni mililita 20 za oili kwa lita ya petroli. Kikisema 25 kwa 1, ni mililita 40. Pima kwa bomba la sindano la duka la dawa, usikisie kwa kizibo. Changanya kiasi cha kutosha wiki chache tu, na ukimaliza msimu mwaga kilichobaki kwenye tangi, kisha iache injini iwake hadi izime yenyewe, la sivyo kabureta huziba.

Je, ununue? Kwa nusu ekari, sioni sababu. Kijana mmoja wa kitongoji chetu anayo mashine yake, nasi tumekubaliana nimlipe kwa kila tangi analomaliza, petroli na oili nikinunua mimi. Hivyo haharakishi kama wa ngwe wala hajikokoti kama wa siku. Nimeona pia majirani watano wakichangia mashine moja, na baada ya miezi saba hakuna aliyejua nani aliitumia mara ya mwisho bila oili.

Majani yaliyokatwa siyachomi. Moto hupanda mlima kwa kasi ambayo mtu hawezi kuikimbia, nao huacha udongo uchi, jambo ambalo jirani yangu wa chini hangelisamehe mara ya pili. Nayalaza kwa mistari inayokingama mteremko, nikiyashikiza kwa vigingi vya mashina ya lantana yaliyokauka kabisa, na katika misimu miwili udongo umejikusanya nyuma ya mistari hiyo hadi nimepata vijukwaa vya kusimama sawasawa ninapofyeka. Kwa sababu hiyohiyo sikati majani ya mteremko chini ya kiganja kimoja kutoka ardhini. Dawa za kuua magugu pia nimeziacha: vijito vyetu huingia Mto Zigi, ambao maji yake hukingwa katika bwawa la Mabayani kwa ajili ya jiji la Tanga, na kule nina wajukuu.

Mbuzi wawili nimewafunga upande wa lantana iliyochipua, kwa kamba fupi, mbali na michungwa. Juzi mmoja alikata kamba, na mchungwa uliokuwa wa baba una jeraha la kiganja kizima kwenye gome. Nimeupaka tope na samadi na kuufunga gunia. Nitaufungua Ijumaa ijayo.