Barua kwa mwanangu: kwa nini mbwa wangu Tausi hatazaa tena

Mwanangu mpendwa,

Uliniuliza kwenye simu: "Mama, Tausi ana miaka minne tu na watu wanasubiri watoto wake. Mbona unaacha sasa?" Nikakujibu kwamba nimechoka. Ni kweli, lakini si jibu.

Uchovu nimeuzoea. Unakumbuka nilivyokuwa nikilala kando ya sanduku la kuzalia, nampima jike joto, nangoja lishuke chini ya nyuzi 37, maana likishuka hivyo kwa kawaida huzaa ndani ya saa 24. Halafu zinafuata wiki mbili za kukesha. Mtoto wa mbwa huzaliwa haoni wala hasikii, mwili wake haujui kujitia joto, na mama yake akimlalia hana la kufanya. Kila asubuhi niliwapima uzito mmoja mmoja. Kazi hiyo ningeifanya hata leo.

Kinachonizuia ni ahadi.

Miaka ya mwanzo nilimpandisha jike wangu wa German Shepherd kwa dume niliyempenda kwa kichwa chake tu. Nyonga zao sikuzipiga eksirei. Baada ya miaka miwili mteja akanirudishia mmoja wa watoto wao. Akitaka kuinuka, alijivuta kwa miguu ya mbele. Wewe ulikuwa mdogo, ukamwita "babu". Hakuwa babu, mwanangu. Nilimkosea mbwa yule kabla hajazaliwa.

Tangu hapo sikupandisha mbwa yeyote kabla hajafika miaka miwili na kupigwa picha ya nyonga. Hata hivyo kasoro ile ya nyonga hujificha kwenye damu, na wazazi wazima huweza kumzaa mgonjwa. Ndiyo maana kila mnunuzi nilimwambia: ukishindwa naye, kwa sababu yoyote, akiwa na umri wowote, mrudishe kwangu. Wamerudi tisa. Mmoja alikuwa na miaka 11, mwenye naye amefariki, na kwa wiki nzima alilala mlangoni akitazama njia.

Sasa piga hesabu nami. Mbwa wa aina hii huishi miaka kama 10 hadi 13. Mimi nina 67. Watoto wa mwisho wa Tausi wana mwaka mmoja, kwa hiyo ahadi niliyowawekea itanifikisha karibu na 80. Nikiongeza wengine, nitakuwa naahidi kwa mikono ambayo huenda isiweze tena kumwinua mbwa wa kilo 30 na kumpakia garini. Wala usiniambie utaibeba wewe. Hukuitoa.

Alhamisi daktari wa mifugo atamfunga Tausi kizazi. Sanduku nimelivunja, taa ya joto nimeigawa. Banda moja nimeliacha na godoro lake, kwa yeyote atakayerudi.

Mama yako