Mwalimu wa Udereva Anajibu: Mguu wa Klachi

Shikamoo mwalimu. Nina wiki tatu na Starlet ya manyuo hapa Mwanza. Foleni ikisimama kwenye kilima cha Bugando naishikilia kwa klachi na mafuta isirudi nyuma. Juzi ikanuka kama karatasi inaungua. Shida nini?

Marahaba. Hiyo ni pleti ya klachi inaungua. Ukiachia klachi nusu, pleti haijabanwa sawasawa kwenye flaiwili, lile gurudumu zito linalozungushwa na injini: flaiwili inazunguka kwa kasi yake, pleti imebaki nyuma, zinasuguana tu mpaka zinachemka. Na siku pleti ikiisha hutalipia pleti peke yake. Fundi lazima ashushe giaboksi, na akishaishusha atakuambia ubadilishe presha pleti na beringi hapohapo. Usimnunie, ana haki.

Foleni ikisimama vuta handibreki, weka frii, pumzisha miguu. Zamu yako ikifika kanyaga klachi mpaka mwisho, ingiza namba moja, tia mafuta kidogo mpaka usikie injini imebadili mlio. Sasa achia klachi taratibu. Kuna mahali mlio utadidimia kidogo na pua ya gari itanyanyuka, kama mzee anayejiandaa kuinuka kwenye kiti. Hapo limeshika. Tuliza mguu, ongeza mafuta kidogo, shusha handibreki, ndipo umalizie klachi. Wanafunzi wangu karibu wote hukosea palepale: wanashusha handibreki kabla pua haijanyanyuka. Nenda kajifunze Jumapili asubuhi, hakuna bodaboda aliyekugandia nyuma.

Mume wangu akiteremka Kitonga anaweka frii, eti anaokoa mafuta. Ni kweli?

Enzi za kabureta ungeweza kubishana naye mpaka Iringa. Gari la siku hizi, lenye sindano za mafuta zinazoongozwa na kompyuta, ukiondoa mguu kwenye mafuta likiwa ndani ya gia, sindano hufungwa, kwa sababu magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukiweka frii, injini inabidi inywe mafuta ili isizime. Kwa hiyo anayapoteza.

Lakini mafuta ni jambo dogo. Kwenye frii breki zinabeba uzito wote peke yake. Zinapata moto, na moto ukizidi mafuta ya breki yanachemka, pedali inazama mpaka sakafuni bila kushika kitu. Na Kitonga unaijua: lori mbele, korongo pembeni. Gia ambayo angepandia ndiyo ateremkie, na aingize kabla mteremko haujaanza.

Nikitaka kusimama, nianze klachi au breki?

Breki. Klachi ije mwishoni, injini inapoanza kutetemeka. Ukikatiziwa na mtoto ghafla, kanyaga zote mbili kwa pamoja. Ikizima, acha izime.

Utingo mmoja ameniambia dereva wake anabadili gia za lori bila kukanyaga klachi. Nijaribu kwenye gari langu?

Hakudanganyi. Giaboksi za malori mengi makubwa hazina sinkronaiza, yaani vile vipete vinavyolinganisha kasi ya gia kabla hazijaingiliana, na dereva mzoefu anapatanisha mizunguko kwa sikio tu. Giaboksi yako inazo, na ukilazimisha gia ndizo zinazoanza kulika. Muachie mwenye lori ufundi wake.

Mwalimu, rivasi yangu inakwaruza kila asubuhi. Giaboksi imekufa?

Pengine haijafa. Magari mengi gia ya rivasi haina sinkronaiza, kwa hiyo inataka utulivu. Hakikisha gari limesimama kabisa, kanyaga klachi mpaka chini, hesabu mpaka tatu, ndipo uingize. Ikiendelea kukwaruza, basi klachi haiachii yote. Hata hivyo, kabla hujamwita fundi, inama utazame chini ya pedali. Mama mmoja alinijia keshakubaliana bei ya kushusha giaboksi, kumbe kapeti limejikunja chini ya klachi na pedali haifiki mwisho.