Ukitaka kunoa sauti za washiriki wa TV, anza na ki ya wimbo

Vijana wengi hapa Mwanza huniuliza namna ya kuingia kwenye kazi ya ualimu wa sauti katika mashindano ya kuimba ya TV. Wanadhani ni kazi ya kufundisha watu kuimba. Kufundisha utafanyia kwenye kwaya yako ya Pasiansi au Igoma, ambako una mwaka mzima wa kumvumilia mtu. Kwenye TV mshiriki anapewa wimbo mwanzoni mwa wiki, mwisho wa wiki yuko jukwaani. Kwa siku hizo hakuna sauti inayojengwa. Unachofanya ni kuilinda aliyokuja nayo na kuitafutia wimbo unaoitosha.

Msidanganywe na majina pia. Kwenye The Voice, iliyoanzia Uholanzi mwaka 2010, wanaoitwa walimu ni mastaa wanaokaa kwenye vile viti vyekundu. Wanaokaa kutwa na washiriki kwenye chumba cha mazoezi, wakirudia mstari mmoja mpaka uchoshe, ni watu wengine ambao mtazamaji hawajui. Tusker Project Fame, iliyoanza mwaka 2006, iliwaweka walimu mbele ya kamera kwa sababu washiriki waliishi pamoja na kusoma kila siku. Lakini kwenye mashindano yanayozunguka mikoani kwa usaili, kama Bongo Star Search, sura ya kipindi ni majaji. Wewe huna kura. Kama unatamani kuonekana, kusema kweli, tafuta kazi nyingine.

Sasa ki, yaani kimo cha sauti ambacho wimbo mzima unaimbiwa. Hapa ndipo mshahara wako ulipo. Mshiriki atakuja na wimbo wa msanii anayempenda na atataka kuuimba kwenye ki ya yule msanii, hata kama koo lake halifiki. Usibishane naye. Mwambie aanze na kiitikio, si ubeti, kwa sababu noti ya juu kabisa mara nyingi iko huko. Aimbe mara tatu mfululizo bila kupumzika. Mara ya kwanza ataipata kwa ujana. Mara ya pili tazama shingo: mishipa ikitoka na kidevu kikinyanyuka, ameshaanza kukaba koo. Mara ya tatu ndiyo itakayosikika Jumapili usiku, akiwa amechoka na moyo unamwenda mbio. Shusha nusu toni, jaribu tena, shusha nyingine, mpaka mara ya tatu ifanane na ya kwanza. Kisha rudi kwenye ubeti uangalie kama sasa hajazama chini akawa anaongea badala ya kuimba. Ukikwama kati ya hayo mawili, badilisha wimbo mapema, kabla prodyuza hajatengeneza biti. Biti iliyokwisha kutengenezwa ukiishusha sana kwa programu, ngoma zinakuwa nzito kama nguo iliyolowa.

Kata na wimbo wenyewe. Kipindi hakimpi mtu dakika nne, atapata moja na nusu au mbili. Ubeti mmoja, kiitikio, na sehemu ya kumaliza inatosha. Mpangilio huo uandike mwenyewe, usimwachie fundi sauti.

Waliolelewa kwenye kwaya za kanda yetu ya ziwa mna mtaji mkubwa. Mnasoma nota za do-re-mi, mnaweza kuchukua ki bila kinanda, na mnasikia sauti ya pili na ya tatu hata zisipoimbwa. Tatizo la washiriki wa aina yenu ni moja: wamezoea kujaza kanisa bila spika, kwa hiyo wakipewa maikrofoni wanaipigia kelele. Wafanyishe mazoezi nayo tangu siku ya kwanza, hata ikiwa haijaunganishwa popote. Ile r na l inayotuchanganya wengi huku, rekebisha kwenye maneno ya kiitikio tu. Ukitaka kuinyoosha yote ndani ya wiki, mtoto ataimba akiwaza ulimi.

Kuhusu koo, utasikia mengi. Mayai mabichi, tangawizi ya kutafuna, ndimu na chumvi. Kinachomezwa kinapita njia ya chakula, hakigusi nyuzi za sauti. Maji yanasaidia kwa kuwa mwili mzima unapata unyevu, ndiyo maana yanywewe tangu asubuhi na si dakika tano kabla ya kupanda jukwaani. Kujifukiza mvuke chini ya kanga kunasaidia. Kuvuma mdomo ukiwa umefungwa, au kutoa sauti kupitia mrija wa soda, kunapasha sauti joto bila kuichosha. Kunong'ona si kupumzika. Aliyekaukiwa na sauti anyamaze kabisa. Na sauti ikikwaruza zaidi ya wiki tatu, acha mazoezi, mpeleke hospitali ya Bugando kwa madaktari wa masikio, pua na koo. Hapo si kazi yako tena.

Jambo ambalo wa Dar hawalifikirii ni safari. Mshiriki aliyepita usaili Mwanza anapanda basi kwenda kambini Dar, zaidi ya kilomita 1,100, na kwa furaha yake anapiga stori na kuimba njia nzima, vumbi dirishani, usingizi hakuna. Anafika amekaukiwa, halafu anaitwa kurekodi. Mpe masharti kabla hajapanda gari: asiimbe, asishindane na redio ya basi, na asile mlo mzito usiku wa manane akalala papo hapo, maana asidi ya tumbo hupanda kooni.

Malipo nayo yaulizeni mapema, bila haya. Msimu ni wa miezi michache tu. Mwaka uliobaki utakula kwa kwaya, maharusi, studio na wanafunzi wa nyumbani. Mkataba uandikwe: unalipwa kwa kipindi au kwa msimu, nauli na malazi ni juu ya nani, na kama shindano likisogezwa mbele itakuwaje, kwa sababu husogezwa. Niliwahi kukaa na waandaaji fulani ambao kila kitu kwao kilikuwa "tutaongea, mwalimu". Jina lako liwepo kwenye orodha ya mwisho wa kipindi. Hakuna mtazamaji anayeisoma, lakini prodyuza wa msimu unaofuata huisoma.