Maswali yenu: Nyayo za waliotangulia si ushahidi

SWALI: Habari za kazi, ndugu wahariri. Ninaishi Denver, jimbo la Colorado, na huu ni msimu wangu wa pili wa baridi. Wenzangu kazini wamenialika Jumamosi tupande mlimani kwa viatu vipana vya theluji, nje ya maeneo yanayokaguliwa. Wanasema theluji haijaanguka kwa siku tano na mteremko umejaa nyayo za watu, hivyo hakuna hatari ya maporomoko ya theluji. Ni kweli? Na nibebe nini?
Msomaji, Denver

JIBU: Si kweli, ndugu yetu, na tunakuomba usiende kwa hoja hiyo. Siku tano zingesaidia kama tatizo lingekuwa theluji mpya tu. Colorado, mara nyingi mbovu ni msingi. Theluji ya Oktoba na Novemba huwa haba. Ardhi chini yake hubaki karibu na nyuzi 0 za selsiasi, huku juu usiku usio na mawingu ukiigandisha vikali. Tofauti hiyo husukuma mvuke kwenda juu ndani ya theluji, na chembe za chini hugeuka fuwele kubwa kama chumvi ya mawe. Zichote uzifinye: hazishikani, zinachuruzika vidoleni. Tabaka hilo huweza kukaa wiki, hata miezi, likibeba bamba gumu la theluji iliyoanguka baadaye. Watu kumi watapita salama. Wa kumi na moja atakanyaga pale bamba lilipo jembamba, karibu na jiwe au kichaka, na mteremko mzima utaondoka naye.

Asubuhi ya safari soma taarifa ya kituo cha maporomoko ya theluji cha jimbo, CAIC. Ngazi za hatari ni 1 hadi 5. Ngazi ya 3 isikutulize kwa kuwa iko katikati: hapo uzito wa mtu mmoja unaweza kabisa kuliangusha bamba. Kisha pima mwinuko. Laza fimbo kwenye theluji, weka simu juu yake, programu ikusomee. Mabamba mengi huporomoka kati ya digrii 30 na 45. Baki chini ya 30, na (hili wageni husahau) usipite chini ya mteremko mkali, kwani unaweza kuuvunja ukiwa bondeni. Theluji ikiguna chini yako, au ufa ukikimbia kutoka mguuni, rudi.

Kila mmoja, si kiongozi tu, abebe bikoni (kifaa cha redio kinachotuma na kutafuta ishara ya aliyefukiwa), fimbo ya kuchoma ndani ya theluji kumtafuta, ya sentimita 240 au zaidi, na beleshi la chuma. Bikoni iwe inatuma tangu garini, sentimita 20 mbali na simu, maana simu huivuruga. Wakati wa kutafuta, 50. Aliyefukiwa hukosa hewa upesi, na baada ya dakika 10 hivi nafasi yake ya kupona hushuka sana. Kwa hiyo waokoaji wake ni ninyi mliopo. Badilisheni bikoni zote zitafute. Mkifika mita 3 za mwisho, ishusheni hadi usoni mwa theluji, mwende polepole. Fimbo ikimgusa, iacheni palepale, mchimbe kutokea upande wa chini wa mteremko. Msisimame juu yake, msije mkabomoa nafasi ya hewa aliyobaki nayo.