Jibu: Mbwa anatoroka kurudi nyumba ya zamani

Jambo yaya. Nimekuelewa hivi: mmehama Kadutu kwenda Panzi, humo humo mjini Bukavu, mbwa analia usiku, anakula kidogo, na kila akipata nafasi mnamkuta kwenye mlango wa zamani.

Anza na huo mlango wa zamani. Mpigie simu mpangaji aliyeingia, umwombe asimpe chochote, hata kumbembeleza. Mtu anamwonea huruma, anamrushia bugali na vichwa vya sambaza (wale samaki wadogo), basi mbwa anaona kwake ni kule. Amfunge tu na akuite. Wangu aliacha safari hizo baada ya jirani kukubali kumnyima chakula, na kumshawishi jirani ndiyo ilikuwa kazi ngumu!

Kwa sasa asitoke parseli (kiwanja chenu) bila kamba, pikipiki za huko hazina huruma. Asubuhi mzungushe taratibu, mwache anuse kila kona.

Kilio cha usiku: lile gunia lake la kulalia msilifue, harufu yake inamtuliza. Liweke karibu na mlango wa chumba mnacholala. Kumpiga kutamwongezea woga tu. Chakula kiwe kilekile, saa ileile.

Akikataa hata maji, akitapika au kuharisha, mpeleke kwa daktari wa wanyama. Na kwa kuwa anazurura, angalia leo kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa.

Hapo Panzi mna ukuta au ua wa miti? Kama ni miti, tafuta kwanza tundu anapopitia.