Je, programu ya simu inaweza kutafsiri milio ya kima titi?

SWALI: Nasomea shahada ya uzamili ya wanyamapori. Nimesoma kwamba kima titi wa Brazili hutoa mlio A wakiona ndege mwindaji na mlio B wakiona paka-mwitu. Nilipata mtandaoni rekodi ya sekunde nne, na programu ya simu ikaitafsiri: "Chui yuko chini." Naweza kuitumia katika tasnifu?

JIBU: Usiitumie. Kwanza, chui hawaishi porini Brazili.

Kinachonichosha, kwa kuwa swali hili huletwa kwangu kila muhula, ni dhana kwamba kila mlio ni neno lenye maana moja. Mwaka 1980, watafiti Seyfarth, Cheney na Marler walionyesha kwamba tumbili wa Amboseli, Kenya, wana milio tofauti kwa chui, tai na nyoka. Tangu hapo watu wamewabandikia kima wote wa dunia kamusi ya namna hiyo.

Titi wenye paji jeusi wa Caraça, katika jimbo la Minas Gerais, hawaingii humo. Mtafiti Cristiane Cäsar na wenzake waliwawekea karakara, ambaye ni ndege mwindaji, na paka-mwitu mdogo mwenye madoa, wote wakiwa wamekaushwa na kujazwa, mara juu ya miti, mara ardhini. Karakara akiwa juu, ilisikika milio A. Paka akiwa chini, milio B. Lakini paka alipopandishwa mtini, kima walitanguliza A moja kisha wakaendelea na B, na karakara alipowekwa chini walichanganya yote miwili. Kwa hiyo ni lazima usikilize mfululizo mzima, tena ukijua kwamba titi hutoa mlio B hata anapoteremka karibu na ardhi kutafuta chakula, pasipo paka yeyote.

Rekodi yako haisemi aliyelia alikuwa kwenye tawi gani wala alikuwa akitazama nini. Hayo huandikwa na mtafiti aliyesimama chini ya mti na darubini yake. Kompyuta hupanga milio vizuri sana kwa umbo la sauti, ila kuipa maana bila maelezo hayo ni kubahatisha, na wanaouza tafsiri za mbwa, paka wa nyumbani na pomboo wanategemea jambo hilo hilo: mteja hana njia ya kuhakiki alichoambiwa. Kabla ya kumlipa yeyote, mwombe kumbukumbu za uwandani zinazoonyesha kila mlio ulitolewa na nani, wapi, na mbele ya nini. Kwa tasnifu yako, waandikie watafiti waliorekodi wenyewe, uombe sauti pamoja na kumbukumbu hizo.